Utenzi wa Vita vya Uhuru: Kipimo Chake na Jina Lake

Mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake Shaaban Robert, ulitoka katika chapa utenzi ulio mrefu kuliko zote alizotunga, nao ni Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945. Beti zake ni kama elfu tatu, na habari zake ni Vita vya Pili vya Dunia tangu chimbuko lake hata amani. Ni kitabu kinachotajwa kwa heshima na watu wengi na kusomwa hata mwisho na wachache. Urefu ni sababu moja, lakini si sababu pekee. Mwaka ule ule wa 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na neno uhuru lilikuwa katika kila kinywa kwa maana moja tu, yaani kushushwa kwa bendera ya Mwingereza usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Kijana aliyefungua kitabu chenye jina hili akitumaini kusoma habari za TANU alimkuta Hitler. Yamkini alikifunga, wala hapana haki ya kumlaumu. Lakini jina lile halikuwekwa kwa kughafilika, na utenzi wenyewe hauwezi kupimwa sawasawa mpaka mambo mawili yaulizwe: je, chombo cha utenzi kiliweza kubeba shehena ya vita kubwa namna ile, na je, uhuru unaotajwa ni uhuru wa nani?

Chombo chenyewe kinajulikana. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande mizani nane. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kina kina cha bahari kinachorudi toka ubeti wa kwanza hata wa mwisho. Ni mwendo mwepesi, wa kusimulia, uliokusudiwa sauti na masikio kabla ya jicho. Kwa vita haukuwa mgeni. Mwengo bin Athumani, aliyetunga habari za Herekali huko Pate mwaka 1728, aliandika beti elfu moja na zaidi juu ya vita vya Waislamu na Warumi. Hemedi bin Abdallah el Buhry alisimulia Wadachi walivyoitamalaki Mrima, vita vilivyokwisha kwa Abushiri kunyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga juu ya Maji Maji. Basi Shaaban Robert hakuanza njia. Alishika njia iliyokwisha kukanyagwa na wazee wake.

Lakini tazama tofauti. Katika Herekali wapo mashujaa wanaojulikana kwa majina na nasaba, na vita huendelea mtu kwa mtu: huyu hutoka safuni, hutamba, hujibiwa, panga hukutana, mmoja huanguka. Msikilizaji hupata pumzi kwa sababu jicho lake lina mahali pa kutua. Katika utenzi wa el Buhry mashujaa wamepungua ukubwa, kwa kuwa mzinga wa manowari hauulizi nasaba ya mtu, walakini mahali pamebaki: ni pwani moja, miji inayojulikana, watu ambao wajukuu wao wako hai katika mitaa ile ile. Tenzi hizi zote zina uwanja mmoja. Mtunzi huweza kusema sasa tuwaache hawa, tuwatazame wale, na wale hawako mbali; wako ng'ambo ya mto.

Vita vya 1939 havikuwa na uwanja mmoja. Chukua mwezi wa Novemba 1942 peke yake. Tarehe 4 jeshi la Rommel lilianza kurudi nyuma kutoka El Alamein. Tarehe 8 Wamarekani na Waingereza walishuka katika pwani za Morocco na Algeria. Tarehe 19 Warusi walianza shambulio lililowazingira Wajerumani katika Stalingrad. Wakati huo huo Wamarekani na Wajapani walikuwa wakiuana katika kisiwa cha Guadalcanal, na upande wetu wa Bahari ya Hindi ilikuwa ndiyo kwanza imesainiwa suluhu ya Madagaska, ambako askari wa Keya walikuwa wamepigana. Mambo haya yalifungamana. Kila moja lilipunguza au kuongeza nguvu ya jingine. Lakini utenzi huenda kama msafara katika njia ya mguu, mmoja nyuma ya mmoja. Hauna namna ya kuonyesha mambo matano yakitendeka kwa pigo moja. Unaweza kuyapanga tu, na kuyapanga ni kuyatenganisha. Hii ndiyo dhiki ya kwanza ya mtunzi, wala hakujitakia. Angetumia bahari yoyote nyingine ya Kiswahili ingemfika hiyo hiyo, na shairi la mizani kumi na sita lingemchosha mapema zaidi.

Hesabu ndogo itaonyesha dhiki ya pili. Toka tarehe 1 Septemba 1939, Wajerumani walipoingia Poland, hata tarehe 2 Septemba 1945, Wajapani walipotia saini katika Ghuba ya Tokyo, ni siku karibu 2,200. Beti elfu tatu zikigawanywa kwa siku hizo, kila siku haipati hata beti moja na nusu. Na kumbuka kwamba sehemu ya beti lazima iende katika asili ya vita kabla ya siku ya kwanza, na nyingine katika dua, sifa na mawaidha ambayo desturi ya utenzi huyadai. Hivyo utenzi huu, unaolaumiwa kwa urefu, kwa kweli ni mfupi mno kwa habari zake. Mtu aliyechoka katikati hakuchoshwa na wingi wa maneno. Alichoshwa na wingi wa mambo yanayopita mbele yake bila kukaa. Mji huanguka, na kabla hajaujua ulikuwa mji wa namna gani, mwingine umekwisha anguka.

Kuna wanaosema dawa ingekuwa kuchagua: achague mapigano saba au manane, ayakuze, mengine ayapitie kwa ubeti mmoja. Lawama hii ina nguvu. Mfano mmoja unatosha. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon, ilizamishwa karibu na visiwa vya Maldivi na manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji. Walikufa watu zaidi ya 1,200, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Ilizama kwa dakika chache. Msiba huo peke yake ni utenzi kamili, wenye bandari ya kuondokea, bahari, mama waliobaki, na mwisho ambao hapana awezaye kuusahau. Katika hesabu ya dunia nzima ni jambo la alasiri moja. Mtunzi aliyeazimia kusimulia vita vyote hana budi kuwa dhalimu kwa kila sehemu ya vita, na udhalimu huo huwaumiza zaidi wale waliokuwa karibu naye. Zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini katika miaka ile. Walifika Somalia, Abisinia, Madagaska, na katika bonde la Kabaw huko Burma wakati wa masika ya 1944, ambako matope na malaria vilishindana na risasi. Kwa kipimo cha dunia wao ni kikosi kati ya vikosi. Kwa Tanga, Songea na Tabora walikuwa ndio vita vyenyewe.

Walakini kabla ya kumhukumu ni haki kuuliza alikuwa akiviona vita kutoka wapi. Shaaban Robert hakwenda vitani. Aliingia kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926, na miaka mingi ya vita ilimkuta katika kazi hiyo ya serikali. Habari zilimfikia kama zilivyomfikia kila msomaji wa Kiswahili wa siku zile: kwa gazeti la serikali la Mambo Leo, ambamo mashairi yake mwenyewe yalikuwa yakichapwa, kwa Baraza, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939, na kwa redio pale ilipokuwapo. Habari hizo zilikuwa zimekwisha chujwa na upande mmoja wa vita. Mwenye kushangaa kwa nini utenzi uko upande wa Mwingereza na wenziwe yampasa akumbuke kwamba karani wa forodha hakuletewa habari za upande wa pili ili achague. Tena akumbuke kwamba upande wa pili, kwa jambo hili, haukustahili kuchaguliwa. Dola iliyoandika katika sheria zake kwamba watu wengine ni duni kwa damu yao isingemtendea wema mtu mweusi wa Tanga.

Wala jambo hili halikuwa la mbali. Mkataba wa Versailles wa tarehe 28 Juni 1919, ambao kila mwandishi huutaja miongoni mwa asili za vita vya pili, ndio uliomnyang'anya Mjerumani Afrika Mashariki yake. Na kwa amri ya Chama cha Mataifa ya mwaka 1922 Tanganyika ikawa amana mkononi mwa Mwingereza. Hitler alipoanza kudai makoloni yarudishwe, Tanganyika ilikuwa miongoni mwa yaliyodaiwa, na mwaka 1938 walowezi waliogopa kiasi cha kuunda chama cha kupinga jambo hilo. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, chini ya bendera ya Mjerumani. Alikuwa na umri wa miaka mitano Waingereza na askari wao wa Kihindi walipojaribu kuitwaa Tanga mwezi wa Novemba 1914 na kurudishwa baharini. Huyu si mtu aliyehitaji kuelezwa maana ya nchi kubadilishwa mkono kama mali. Kwa hiyo sehemu ya chimbuko la vita, ambayo msomaji wa leo huiruka ili afikie mizinga, ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na nyumba ya mtunzi, na yastahili kusomwa polepole.

Sasa lije jina. Wahakiki wameligawanya pande mbili. Upande wa kwanza unasema kwamba vita vya uhuru ni maneno ya wakubwa wa serikali tu, na karani aliyarudia kama kasuku. Kisha huongeza, kana kwamba ni ushahidi, kwamba alipewa nishani na Mwingereza. Upande wa pili unasema kwamba ni fumbo: mtunzi alimtaja Hitler lakini moyoni alikuwa akimlenga mtawala aliyekuwa karibu, kama alivyofanya katika Kusadikika mwaka 1951, ambamo Karama anashitakiwa kwa kufundisha uanasheria na kujitetea mbele ya wakubwa wasiotaka kusikia. Hoja ya kwanza inamfanya mtunzi mjinga, ya pili inamfanya mjanja kupita kiasi, na zote mbili zina kosa moja: zinalichukua neno uhuru kwa maana liliyoipata baada ya 1954, TANU ilipoanzishwa.

Katika pwani ya utoto wake neno hilo lilikuwa na kinyume kimoja kilicho wazi, nacho ni utumwa. Huru ni yule asiye mtumwa. Serikali ya Mjerumani ilikuwa ikitoa hati za uhuru kwa watumwa waliokombolewa au kuachwa, na utumwa haukufutwa kabisa kwa sheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922, Shaaban Robert akiwa kijana wa miaka kumi na mitatu. Watu waliokuwa wametumikishwa walikuwa hai, na wajukuu wa mabwana wao walikuwa hai, wakisalimiana njiani. Mtu wa malezi hayo akisema vita vya uhuru hakuazima neno la hotuba. Anasema vita vya kuzuia watu wasitiwe utumwani. Na kwa maana hiyo neno lilikuwa sahihi kuliko walivyojua wengi waliolitumia London, kwa sababu Ujerumani ya Hitler ilichukua mamilioni ya watu wa nchi ilizozishinda, Wapoli na Warusi hasa, ikawafanyisha kazi kwa nguvu katika mashamba na viwanda vyake. Wapwani walikuwa na jina la jambo hilo tangu kale.

Lakini neno likisemwa kwa ukweli haliwi mali ya aliyelisema kwanza. Mwezi wa Agosti 1941 Churchill na Roosevelt walitoa Hati ya Atlantiki, ambayo katika kifungu chake cha tatu ilikiri haki ya mataifa yote kuchagua serikali watakayotawaliwa nayo. Mwezi uliofuata Churchill aliliambia Bunge lake kwamba walioandika walikuwa na nia, kwanza kabisa, ya mataifa ya Ulaya yaliyo chini ya nira ya Hitler. Hapo ndipo ulipo ufa. Mtawala ametoa neno pana, kisha anashika ncha yake ili lisikunjuke lote. Utenzi, kwa kuwa umelitwaa neno hilo hilo na kulifanya jina la vita vizima bila kulipunguza, umeliacha likunjuke. Hakuna haja ya kudai kwamba mtunzi alificha fumbo. Inatosha kwamba alimsadiki msemaji kuliko msemaji alivyojisadiki mwenyewe. Tena katika siku zile zile watu wa Tanganyika walikuwa wakichukuliwa kwa amri ya serikali kwenda kazi za mashamba ya mkonge, kwa sababu Mjapani alipozitwaa Java na Ufilipino mwaka 1942 mkonge wa Tanga ulihitajiwa sana kwa kamba za meli. Vita vya uhuru vilipiganwa kwa sehemu na watu wasiokuwa na ruhusa ya kukataa kazi. Msomaji anayelishika jambo hili akilini anapopita katika beti za sifa atasikia katika jina la kitabu mlio mwingine, hata kama mwimbaji hakuukusudia.

Na historia ilikuja kulithibitisha jina hilo kwa njia ambayo haikutazamiwa. Vita vilipokwisha, Chama cha Mataifa kilikufa na Umoja wa Mataifa ukachukua mahali pake. Mwezi wa Desemba 1946 Tanganyika ilitolewa katika amana ya kwanza ikatiwa katika udhamini mpya, ambao hati yake ilitaja waziwazi kujitawala au uhuru kuwa ndio mwisho wa safari. Kwa mlango huo Nyerere aliweza kusimama New York mwezi wa Machi 1955 mbele ya Baraza la Udhamini na kuisemea nchi yake. Hivyo kijana wa 1967 aliyekifunga kitabu kwa hasira, akiona kwamba uhuru uliotajwa mle si wake, alikosea nusu. Njia ya 1961 ilipita katika habari zilizomo mle.

Jambo la lugha halifai kuachwa, ijapokuwa litasemwa kwa ufupi. Kiswahili hupenda silabi iliyo wazi, na vita hivi vililetwa na majina yaliyofungwa kwa konsonanti. Dunkirk ni mizani mbili kinywani mwa Mwingereza. Kinywani mwa Mswahili ni tatu au nne, kwa jinsi ya kuitamka. Stalingrad yaweza kuwa mizani nne kwa mtu aliyesoma na saba kwa mtu asiyesoma, na kipande kizima cha utenzi ni nane. Mtunzi wa Herekali aliingiza majina ya Kiarabu ambayo masikio ya Pate yalikwisha kuyazoea kwa karne nyingi. Mtunzi wa vita hivi alipewa majina ya Kirusi, Kijapani na Kifaransa asubuhi kwa gazeti, ayatie katika vina jioni. Pale ambapo ubeti wa namna hii huonekana kuyumba, mara nyingi jina ndilo lililousukuma. Ni vema mwalimu awasomeshe wanafunzi beti hizo kwa sauti, maana jicho huhesabu vibaya kuliko sikio.

Kuhusu mwisho, tenzi za kale zilikuwa na raha moja: ushindi ulieleweka. Panga lililoshinda lilikuwa panga lile lile lililoonekana toka mwanzo. Mwisho wa vita hivi haukufanana na mwenendo wake. Mabomu mawili, Hiroshima tarehe 6 Agosti na Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945, yalikatiza hadithi kwa kitu ambacho hakikuwamo katika hadithi. Aliyesimulia miaka sita ya mizinga na meli alilazimika kupokea, katika juma moja, silaha isiyokuwa na jina katika lugha yake wala katika lugha nyingi za dunia. Leo inajulikana jambo ambalo wakati ule lilikuwa siri kuu: sehemu kubwa ya madini ya urani yaliyotumika katika kazi hiyo yalichimbwa Shinkolobwe katika Katanga, katika nchi ambayo wachimbaji wake husemezana kwa Kiswahili. Mtunzi hakuweza kujua kwamba mwisho wa utenzi wake ulitoka chini ya ardhi ya jirani zake.

Kitabu hiki kikipigwa chapa tena chahitaji msaada ambao toleo la mwanzo halikuweza kukadiria kwamba utahitajika, kwa kuwa wasomaji wa 1967 wengi walikuwa wameviishi vita vyenyewe. Wanafunzi wa leo wamezaliwa mbali nao. Wapewe ramani mbili, moja ya Ulaya na Afrika ya Kaskazini na moja ya Asia. Wapewe orodha ya majina ya miji kama mtunzi alivyoyaandika pamoja na yanavyoandikwa katika ramani. Na pembeni mwa kila ukurasa iwekwe tarehe, ili jambo la Burma na jambo la Urusi lililotendeka katika juma moja liweze kuonekana kuwa ni la juma moja, ijapokuwa beti mia zimeyatenganisha.